Sindano ya Makunyanzi Ilianzia Machoni

Mimi ni muuguzi wa macho Nairobi, na siku hizi harusi haipiti bila jamaa kunivuta kando: "Sista, hiyo Botox si sumu?"

Ni sumu, tena miongoni mwa zilizo kali kuliko zote. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga mazishini walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Watatu walifariki, na Profesa Émile van Ermengem akamkuta bakteria huyo katika nyama ile.

Msuli hujikaza pale neva inapoumwagia kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huizuia kemikali hiyo isitoke, na msuli hulegea. Ikienea mwilini, hata misuli ya kupumulia hulegea na mtu hufa. Ikidungwa kidogo mno mahali pamoja, hulegeza msuli uliokusudiwa tu.

Aliyeifanya dawa ni daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliyetaka kunyoosha makengeza bila kupasua. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Ugonjwa huu wa kope ndio ulionifanya niipende dawa hii. Mtu macho yake ni mazima kabisa, lakini kope zinabana hata hawezi kuvuka barabara wala kusoma ujumbe wa simu. Wapo wanaotufikia wakiwa wameshaambiwa wamerogwa. Wanadungwa, na siku chache baadaye wanatazama tena. Wakati wa kudunga tena ukifika, wao ndio wanaotupigia simu kwanza.

Habari za makunyanzi zilizuka hata kabla ya idhini hiyo. Mwaka 1987 huko Vancouver, Dkt. Jean Carruthers alikuwa akitibu kope za namna hiyo. Mgonjwa mmoja alilalamika kwa nini siku ile hakudungwa katikati ya nyusi, maana akidungwa hapo uso wake hutulia. Jean akamweleza mumewe Alastair, daktari wa ngozi, na hapo ndipo utafiti wao ulipoanzia. Idhini ya Marekani kwa mikunjo ya kati ya nyusi ilitoka mwaka 2002. Leo dawa hii hutumika pia kwa kipandauso sugu, jasho la kwapa lisiloisha, kibofu kisichotulia na mkono uliokazwa na kiharusi. Inaniuma kwamba wengi wetu tunaijua kwa urembo peke yake, ilhali mzee aliyepatwa na kiharusi amekaa nyumbani mkono umefumba ngumi na hajawahi kuisikia.

Je, ni salama? Mikononi mwa daktari aliyeisomea, naam. Kati ya nyusi hutiwa yuniti 20 tu, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au minne. Unaweza kuvilia damu, kuumwa kichwa, au kope ikashuka kwa wiki kadhaa kisha ikarudi. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli simshauri kamwe adungwe kwa ajili ya makunyanzi.

Ninachokiogopa ni sindano za sebuleni. Aprili 2024 Marekani ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kudungwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au mahali pasipo pa tiba kama majumbani na kwenye saluni. Kumi na mmoja walilazwa, na baadhi walikuwa wametiwa dawa bandia. Kwa hiyo omba uone kichupa kikitolewa kwenye friji na kuchanganywa mbele yako. Anayekuletea bomba la sindano lililokwisha jazwa, mwache aende nalo.

Ukishadungwa, ukaanza kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kumeza, sauti kufifia au pumzi kuwa nzito, kimbilia hospitali usiku huohuo na useme wazi ulichodungwa. Ipo dawa ya kuzuia sumu isiendelee kusambaa, ila misuli iliyokwisha kulegea haiirudishi. Hiyo hurejea polepole yenyewe, na mgonjwa huenda akahitaji mashine ya kupumulia kwa wiki nyingi.