Mponyaji na Jinsi Yake: Fikra Mgando katika Michezo ya Kompyuta ya Mtandaoni

Makala haya yanajadili fikra mgando isemayo kwamba, katika michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao, kuponya ni kazi ya mwanamke. Hoja inayotetewa ni kwamba fikra hiyo haitokani na wanawake kupenda kuponya kuliko wanaume. Inatokana na matarajio ambayo wachezaji wenyewe huyatimiza, kisha wakayachukua kuwa ushahidi.

Katika michezo kama EverQuest (1999) na World of Warcraft (2004), timu hugawana kazi tatu: kuna anayetangulia kupokea mapigo, kuna anayeshambulia, na kuna anayewarudishia wenzake uhai. Huyu wa tatu ndiye anayeitwa hapa mponyaji, na neno hilo limeteuliwa kwa makusudi. Kumwita muuguzi kungeingiza mlangoni fikra ileile inayochunguzwa, kwani wasemaji wengi wasikiapo muuguzi humwaza mwanamke. Mganga naye huwapeleka wengi kwa mzee wa kiume mwenye tunguri zake. Ngeli ya A-WA haibagui jinsi, wala kiwakilishi "yeye" hakibagui, lakini msamiati hubagua.

Ushahidi wenye uzito umetolewa na Nick Yee na wenzake katika utafiti wao wa mwaka 2011 kuhusu wachezaji wa World of Warcraft. Kwa kuwa mchezo huo huhifadhi kumbukumbu za matendo, watafiti waliweza kutazama yale watu wanayotenda, si yale wanayoyasema tu. Imani kwamba wanawake huponya zaidi haikuthibitika. Kilicholeta tofauti ni jinsi ya mhusika anayechezwa: wanaume walipochagua mhusika wa kike waliponya zaidi, na wanawake walipochagua mhusika wa kiume waliponya kidogo. Hivyo basi, mtazamaji anayewaona wahusika wengi wa kike wakiponya na kuhitimisha kwamba wanawake ndivyo walivyo, huenda anamtazama mwanamume.

Fikra hii huambatana na nyingine, kwamba kuponya hakuhitaji ustadi. Katika Overwatch, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2016, mfano unaotajwa mara nyingi ni Mercy, daktari wa Uswisi mwenye mabawa, ambaye mwale wa fimbo yake humshika mwenzake bila kuhitaji shabaha kali. Wasemao hivyo humsahau Lúcio, mwanamume wa Brazili, ambaye naye ni mponyaji. Humsahau pia Ana, mwanamke mzee wa Misri, anayeponya kwa kuwapiga wenzake risasi za dawa kutoka mbali. Akikosa shabaha, mgonjwa wake hufa. Kazi ya Mercy nayo si lelemama: ni lazima ajue nani yu karibu kuanguka na nani aachwe. Ila maamuzi hayo hayaonekani kwa urahisi kama yanavyoonekana mauaji, ambayo hutangazwa papo hapo kwenye kioo cha kila mchezaji.

Upande wa pili wa fikra hii hudhihirika mwanamke anapotoka nje ya nafasi aliyotengewa. Mwaka 2016, Kim Se-yeon wa Korea Kusini, ajulikanaye kwa jina la Geguri, akiwa na umri wa miaka 17, alituhumiwa kutumia programu ya kusaidia shabaha kwa sababu alimcheza Zarya, mhusika wa kupokea mapigo, kwa usahihi ambao wapinzani hawakuuamini. Kampuni ilichunguza ikamsafisha. Hata hivyo, ilimbidi acheze mubashara huku kamera ikimulika mikono yake. Ni vigumu kufikiri kwamba mponyaji mwanamke angetakiwa kuthibitisha kuwa mikono ni yake. Kwake ustadi ungeitwa maumbile. Mwaka 2018 Geguri alisajiliwa na Shanghai Dragons, akawa mwanamke wa kwanza katika Ligi ya Overwatch, na nafasi aliyosajiliwa kuicheza haikuwa ya mponyaji.