Dira hununuliwa, lugha je?

UKISAFIRI kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, moshi wa nyama choma hukupokea Kikopey. Wengi hushuka, wakala mbuzi, wakaendelea na safari. Je, msomaji, wajua kwamba eneo hili lina wahamiaji wa tangu zamani?

Lord Delamere aliingia nchini mwaka 1897 akipitia nchi ya Wasomali. Baadaye, katika shamba lake la Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita, Wasomali walikuwa miongoni mwa watunzaji wa mifugo yake. Wengine, wa ukoo wa Isaaq, walikuja wakiwa askari wa Mwingereza, wakafanya makao Gilgil, Naivasha na Nakuru. Hao ndio Isahakia. Miaka ya 1930 walidai wahesabiwe pamoja na Waasia, ingawa kodi ya Waasia ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1989 mambo yaligeuka: Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kubeba kadi maalumu.

Kitukuu wa watu hao anakulia katikati ya macho mawili. Akivaa jinzi chini ya buibui, nyanya yake huona amepotea. Akivaa dira na kupaka hina, wenzake huweza kumwita mgeni, naye kazaliwa hapa hapa!

Usikimbilie kumpima kwa nguo. Jina la dira ni la Kisomali, lakini leo huvaliwa na akina mama wa makabila mengi, kuanzia Mombasa hadi Nakuru. Vitambaa vyake hutoka ng'ambo, vingi vikipitia Dubai, na huuzwa Eastleigh, mtaa ambao biashara yake ilipanuka sana baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Basi hata vazi la asili ni bidhaa ya dukani. Mwenye pesa hulipata.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila si kitambaa. Lugha, mashairi na habari za babu alikotoka haviuzwi popote, na ndivyo vinavyopotea kimya kimya nyumbani ambako watoto huongea Kiswahili na Sheng pekee.

Mzazi, ukimnunulia binti yako dira ya Idi, mketishe pia umsimulie kwa lugha yenu. Nawe dada, muulize nyanya yako maswali angali hai. Dira utaikuta dukani hata kesho.