Kuchagua Lenzi kwa Picha za Radi na Wanyamapori

Lenzi moja haikidhi kila haja. Kwa mnunuzi wa Laela anayekusudia kupiga picha za radi juu ya uwanda wa Ufipa, tunashauri lenzi ya pembe pana, milimita 16 hadi 35, na stendi ya miguu mitatu. Kwa viboko na tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wasiopaswa kukaribiwa, huhitajika milimita 300 au zaidi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aifunge lenzi kwenye kamera yake, kwani vifungio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Aimulike kwa tochi kubaini kuvu na mikwaruzo. Kisha adai risiti.

Ngurumo ikisikika, aingie ndani ya nyumba au gari: picha hupatikana tena, uhai haurudi.