Upakuaji wa faili kutoka Amazon S3

'''Upakuaji wa faili kutoka Amazon S3''' ni njia ya kuchukua, kupitia intaneti, faili zilizohifadhiwa katika Amazon S3, huduma ya hifadhi ya wingu ya kampuni ya Amazon Web Services kutoka Marekani. Huduma hiyo ilianzishwa tarehe 14 Machi 2006.

Faili hizo hazifunguliwi kama zile zilizo katika diski ya kompyuta. Programu hutuma ombi kwa seva kwa itifaki ya HTTP, ileile inayotumiwa na vivinjari kufungua kurasa za wavuti, nayo seva hutuma faili au hueleza kwa nini haikuitoa.

== Ndoo na vitu ==
Katika S3 faili pamoja na maelezo yake huitwa "kitu". Vitu huwekwa ndani ya "ndoo", na kila ndoo ina jina lenye herufi 3 hadi 63. Jina la kitu linaweza kufikia baiti 1,024.

Ndani ya ndoo ya kawaida hakuna folda za kweli. Katika jina kama ''picha/2024/bandari.jpg'', alama za mkwaju ni sehemu ya jina tu. Kwa hiyo ni lazima jina litajwe kamili, na herufi kubwa hutofautishwa na herufi ndogo.

== Ombi na majibu ==
Ombi la aina ya GET huleta kitu chenyewe. Ombi la aina ya HEAD huleta maelezo tu, kama vile ukubwa na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Seva hujibu kwa namba, zikiwemo:
* 200: kitu kimepatikana na kinatumwa chote
* 206: inatumwa sehemu tu ya kitu, kama ilivyoombwa
* 304: kitu hakijabadilika, hivyo nakala ya zamani inafaa
* 403: ombi limekataliwa
* 404: kitu hakipo

Asiye na ruhusa ya kuona orodha ya vitu hupewa 403 hata kama kitu hakipo. Hivyo mtu wa nje hawezi kubahatisha majina ili kujua yaliyomo ndani ya ndoo.

Jibu la 206 lina faida kubwa pale mtandao unapokatika. Ikiwa megabaiti 60 kati ya 100 zimeshafika, programu inaweza kuomba 40 zilizobaki badala ya kuanza upya na kulipia data mara mbili.

== Saini na ruhusa ==
Kwa kawaida vitu vyote ni vya faragha mpaka mwenye ndoo aamue vingine. Anayeomba huambatanisha saini iliyokokotolewa kwa ufunguo wake wa siri, lakini ufunguo wenyewe hautumwi. Saini hubeba pia saa ya ombi: saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15, ombi hukataliwa.

Ufunguo wa siri haufai kuandikwa ndani ya programu ya simu, kwa sababu yeyote mwenye programu hiyo anaweza kuuchimbua na kuzifikia faili zote ambazo ufunguo huo unaruhusu. Badala yake, seva ya mwenye programu hutengeneza kiungo chenye saini kwa ajili ya faili moja na kwa muda maalumu, usiozidi siku 7. Hata hivyo, kila anayekipata kiungo hicho kabla ya muda kwisha anaweza kupakua faili, hata kama hakutumiwa yeye.

== Faili za kumbukumbu ==
Faili zisizohitajika mara kwa mara huweza kuwekwa katika madaraja ya bei nafuu. Katika baadhi yake faili haipatikani papo hapo. Sharti irejeshwe kwanza. Kwa urejeshaji wa kawaida, daraja la S3 Glacier Flexible Retrieval huchukua saa 3 hadi 5, na S3 Glacier Deep Archive hadi saa 12. Ombi la GET likitumwa kabla ya hapo hujibiwa 403, ingawa faili ipo salama.