Simu Inapolia Wakili Akiwa Kortini

Wakili wa Machakos anayesubiri kesi yake iitwe huenda asiwe kortini kabisa. Yuko ofisini mwake, kamera imewashwa, kipaza sauti kimezimwa, anasikiliza kesi za wenzake zikitajwa moja baada ya nyingine. Mnamo Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Mahakama ya Kenya ilipunguza shughuli zake na kuhamishia vikao vingi kwenye video. Janga lilipita lakini utaratibu ulibaki, na orodha za kesi bado hutolewa zikiwa na kiungo cha kikao.

Wakati huohuo simu ya ofisi inalia. Anayepiga yuko Masinga, anataka kujua kama tarehe imetoka. Baada yake anapiga mteja aliye Uingereza, ambaye ananunua shamba Matungulu. Hakuna anayepokea. Jioni daftari la karani lina nambari mbili zisizo na majina, na mkutano wa video uliofanywa jana na mteja mwingine haujaandikwa kwenye faili lolote. Simu na video ni programu mbili zisizojuana, na anayezijulisha ni mtu mmoja aliyechoka.

Kazi hiyo ya kujulisha sasa inaweza kufanywa na mashine, na mwenye ofisi hahitaji kuandika msimbo hata mstari mmoja. Namna inavyofanyika si ngeni kwa Wakenya, kwa maana sisi tuliflashi kwa miaka mingi. Unapiga, ikilia mara moja unakata. Hujasema neno wala hujatumia senti, lakini uliyemflashi amejua kuna jambo, na amejua ni nani. Mtafiti Jonathan Donner aliichunguza tabia hiyo nchini Rwanda na kuchapisha makala mwaka 2007, akionyesha kwamba ina kanuni zake: nani amflashi nani, lini, na kwa maana gani.

Programu za kompyuta nazo huflashiana, na mafundi wameuita mlio huo webhuku. Jambo linapotokea kwenye programu ya kwanza, kwa mfano mkutano umekwisha, programu hiyo inaigonga anwani ya programu ya pili kwenye intaneti. Tofauti ni kwamba mlio huu huja na kifurushi cha maandishi: jina la tukio, saa lilipotokea, nambari iliyopiga, muda uliotumika. Zoom, kwa mfano, hutuma tukio liitwalo “meeting.ended” mkutano unapofungwa. Bila webhuku, programu ya pili ingelazimika kuuliza kila baada ya dakika chache: kuna jipya? Mara nyingi jibu lingekuwa hapana, na jipya lenyewe lingechelewa kujulikana.

Katikati ya programu hizo mbili hukaa programu ya tatu, mjumbe kati yao, kama vile Zapier, Make au n8n. Zapier ilianzishwa Marekani mwaka 2011. Make ilianzia Prague ikiitwa Integromat, na n8n ilitoka Berlin mwaka 2019. Kwenye skrini unachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari: simu isipopokelewa, tafuta nambari kwenye jedwali la wateja, ukiipata, tuma ujumbe mfupi wenye kiungo cha kuchagua miadi, mteja akichagua, fungua mkutano wa video na umwandikie karani. Kwa upande wa simu, Afrika Mashariki ina mlango wake yenyewe. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi imekuwa tangu 2010 ikiwauzia watengenezaji programu njia ya kufikia ujumbe mfupi, USSD na sauti. Simu ikiingia kwenye nambari uliyokodi kwao, seva yao huiuliza anwani yako: tumfanyie nini huyu?

Machakos imewahi kupitwa. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imeiacha Machakos kando, na makao ya utawala yakaifuata reli. Mji uliokuwa kitovu cha utawala wa Waingereza bara ukageuka mji wa pembeni. Vifaa hivi haviipiti Machakos namna hiyo. Kisanduku kinachochorwa Westlands, Nairobi, ndicho hichohicho kinachochorwa mjini Machakos, na ndiyo sababu nataka ofisi ndogo za Ukambani zivichukue mapema.

Ila visanduku havijui kazi yako, na hapo ndipo wengi hukwama. Chukua nambari ya simu, ambayo ndiyo uzi pekee unaomfunga mpigaji na faili lake. Karani ameandika 0722 na kuendelea. Mtandao wa simu umeleta +254722. Mteja mwenyewe, alipojaza fomu, aliandika 722 akaiacha sifuri. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu watatu, na mashine itamfungulia kila mmoja faili lake. Kanuni ya kimataifa ya E.164, inayosimamiwa na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, inataka msimbo wa nchi, kisha nambari bila sifuri ya mwanzo, na tarakimu zote zisizidi 15; kwa desturi alama ya kujumlisha hutangulia. Laini za Kenya zinazoanza na 07, zile mpya za 01, na hata simu za mezani za Machakos zenye 044, zote hupoteza sifuri na kupata +254. Kisanduku cha kwanza cha mtiririko wowote wa simu kiwe cha kuinyoosha nambari. Ukikiruka, vyote vinavyofuata vitafanya kazi upesi na kwa makosa.

Saa nayo ina mitego yake. Seva nyingi huhesabu muda kwa saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Mkutano wa saa nane mchana Machakos umeandikwa 11:00 ndani ya kifurushi. Karani akijaza 8:00 kwa sababu mteja alisema saa nane, kikao kimesogea saa sita nzima. Yule mteja wa Uingereza ana lake pia: saa za huko hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo tofauti kati yake na Machakos huwa saa mbili kiangazi na saa tatu kipupwe. Andika jina la eneo la saa, Africa/Nairobi au Europe/London, uiachie programu hesabu.

Kuna pia suala la marudio. Anayetuma webhuku hungoja jibu kwamba imefika. Umeme ukikatika ofisini, au mtandao ukayumba, jibu halitoki, naye hutuma tena. Mteja atapata ujumbe uleule mara mbili, au ankara mbili, jambo ambalo ni baya zaidi. Tiba yake ni kuhifadhi kitambulisho cha kila tukio na kukataa kinachojirudia.

Muhtasari wa mkutano unaoandikwa na mashine nauonea shaka kwa sasa. Mazungumzo ya Machakos huanza kwa Kiswahili, yakaingia Kikamba pale penye uzito, yakamalizikia kwa Kiingereza. Kikamba kimo kwenye FLEURS, mkusanyiko wa sauti za lugha 102 uliotolewa na Google mwaka 2022, lakini hakimo kwenye orodha ya lugha za Whisper, programu ya OpenAI ya mwaka huohuo inayotumiwa sana kugeuza sauti kuwa maandishi. Mpaka wa shamba ukielezwa kwa Kikamba, auandike anayekijua.

Na siri ya mteja ni deni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akigundua kwamba imevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenye data hiyo, na kila kisanduku unachoongeza ni mahali pengine inapoweza kuvuja. Basi pitisha nambari na saa, uyaache maelezo ya kesi kwenye faili. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. n8n inaweza kukaa kwenye seva yako mwenyewe, na kwa ofisi ya wakili au kliniki hilo lina thamani kubwa kuliko urembo wa skrini.

Ukiwa na ofisi Machakos, Kangundo au Mwala, usianze kwa kulipia programu. Mwombe karani aandike, kwa wiki moja, kila simu isiyopokelewa: nani, saa ngapi, alitaka nini, na nani alimpigia baadaye. Chora mtiririko wako wa kwanza kutoka kwenye karatasi hiyo, na uwe mmoja tu: simu isiyopokelewa ijibiwe kwa ujumbe, na jina la mpigaji limfikie mtu anayeweza kumpigia kabla ofisi haijafungwa.