Mandolini ya kwanza: fedha ziende penye sauti

Katika nyumba nyingi hutokea siku mtoto akawaambia wazazi wake: “Baba, mama, nataka kujifunza kupiga mandolini.” Ombi hili ni jema, lakini huwatia wazazi mashaka. Fedha ni chache, ada ya shule yangoja, na chombo chenyewe hawakijui. Wengine hukataa papo hapo. Wengine hununua chombo cha bei ndogo kupita vyote, wakidhani kwamba mwanafunzi hahitaji zaidi. Miezi miwili haijapita, mandolini imetundikwa ukutani, mtoto haigusi tena, nao wakubwa husema: “Hana kipaji.” Kumbe mara nyingi kipaji kilikuwapo, kilichokosekana ni chombo kinachopigika.

Basi leo tutazame pamoja swali hili: mtu mwenye fedha chache atachaguaje mandolini yake ya kwanza? Jibu letu ni moja. Alipe kwa ajili ya mahali sauti inapotoka na mahali vidole vinapofanya kazi; kwa mapambo asilipe kitu.

Chombo chenyewe

Sisi wa Kongo twalijua gitaa. Tangu Jean-Bosco Mwenda alipopiga wimbo wake “Masanga” mbele ya mashine ya Hugh Tracey huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, mwaka 1952, gitaa la Katanga limesikiwa hata ng’ambo. Mandolini ni jamaa wa gitaa, lakini ni ndogo zaidi na ina desturi zake. Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Mandolini ina nyuzi 8 za chuma, zilizopangwa mbili mbili, ndizo jozi 4. Nyuzi mbili za jozi moja hutoa sauti ileile, na hupigwa pamoja kana kwamba ni uzi mmoja. Kuanzia jozi nene hadi jozi nyembamba, sauti zake ni sol, re, la, mi. Ndivyo ilivyo fidla pia. Kwa hiyo anayejifunza mandolini aufundisha mkono wake wa kushoto njia za fidla. Haipigwi kwa upinde, bali kwa risha, yaani kipande chembamba kigumu kinachoshikwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada.

Mandolini ya namna tunayoijua ilikua katika mji wa Napoli, nchi ya Italia, katika karne ya 18, na miongoni mwa mafundi wake mashuhuri ni wa ukoo wa Vinaccia. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo, kama kibuyu kilichopasuliwa. Watunzi wakubwa hawakuidharau: Mozart aliitia katika opera yake “Don Giovanni” mwaka 1787, na Beethoven aliitungia vipande vidogo alipokuwa Praha mwaka 1796. Baadaye, huko Marekani, fundi mmoja wa mji wa Kalamazoo, jina lake Orville Gibson, aliacha mgongo wa kibuyu akachonga uso na mgongo wa mandolini kama wachongavyo wenye fidla. Hati ya kuulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka 1898, na kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1902.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wa leo hukuta aina mbili: yenye mgongo wa kibuyu, na yenye mgongo ulio bapa au uliochongwa kwa kuinuka kidogo. Kwa mwanafunzi twashauri hii ya pili. Yakaa kifuani bila kuteleza, na nyuzi za kawaida yazivumilia. Zile za mgongo wa kibuyu zilizo kuukuu mara nyingine huuzwa kwa bei ndogo sana, na jinsi zilivyopambwa zapendeza macho. Lakini gundi yake yaweza kuwa imechoka, shingo imepinda, na uso wake mwembamba hauwezi nyuzi nzito za siku hizi. Mjuzi aweza kuipata iliyo nzima, akaivika nyuzi laini sana. Mgeni wa kazi hii aiache.

Usilipie mapambo

Mandolini za namna ya Marekani zina maumbo mawili, nayo hutajwa kwa herufi A na F. Umbo la A ni kama tone la maji au pea. Umbo la F lina bega moja lililokunjwa kama pembe ya kondoo dume, na ncha zilizochongoka. Macho ya kijana hukimbilia F mara moja. Lakini pembe ile haiimbi. Ni kazi ya kisu na ya saa nyingi za fundi, nazo saa hizo mnunuzi ndiye azilipaye. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa tujihadhari, maana kizuri cha nje kinapouzwa kwa bei ndogo, lazima kuna mahali kazi imepunguzwa, na kwa kawaida hupunguzwa pale pasipoonekana. Ukiwa na fedha zilezile, umbo la A litakupa mbao bora na kazi safi zaidi.

Kisha zitazame mbao. Uso wa mandolini, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ndio utetemao na kuipeleka sauti hewani. Ulio bora ni wa ubao halisi wa mti wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi. Ulio hafifu ni wa tripleksi, tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Huo hautetemi vizuri, na sauti yake huwa fupi na kavu. Wawezaje kuutambua? Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya mti ikishuka kutoka juu ya uso mpaka ndani ya ukingo bila kukatika, ni ubao halisi. Ukiona tabaka kama kurasa za kitabu, ni tripleksi. Mgongo na mbavu zikiwa za tripleksi, hasara si kubwa; lakini kwa ajili ya uso yafaa kuongeza fedha kidogo.

Majaribio matano

Nyuzi 8 zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Mzigo huo wote huangukia shingo nyembamba na kisanduku kidogo cha mbao, mchana na usiku. Ndiyo maana mandolini iliyofanywa vibaya haikai sawa. Kabla ya kutoa fedha, ifanyie majaribio haya.

La kwanza, shingo. Iinue mandolini kama mtu anayelenga shabaha, uitazame shingo kutoka kichwani hadi tumboni. Iwe imenyooka, au imeinama kidogo sana. Iliyojipinda kama upinde, au iliyojisokota, usiichukue. Uliza kama ndani yake mna ufito wa chuma wa kuinyoshea. Kiwanda cha Gibson kilianza kuutia katika miaka ya 1920, na mandolini nyingi za leo zinao.

La pili, kimo cha nyuzi. Shingoni mna vyuma vidogo vilivyolazwa kwa kukingama. Hesabu mpaka chuma cha 12, upime nafasi iliyoko kati ya chuma hicho na uzi. Milimita 2, au pungufu kidogo, yafaa. Ikifika milimita 4, vidole vya mtoto vitaumia, na kila uzi atakaoubonyeza utapanda kupita sauti yake. Hilo ndilo livunjalo moyo wa wanafunzi wengi: waona maumivu, wasikia sauti mbaya, wadhani kosa ni lao.

La tatu, usahihi wa sauti. Piga jozi moja ikiwa wazi, kisha ibonyeze kwenye chuma cha 12 uipige tena. Sauti ya pili iwe ileile ya kwanza, juu kwa oktava moja kamili. Ikiwa imepanda mno, daraja lisogezwe kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa imeshuka, lisogezwe kuelekea shingoni. Daraja ni kile kipande cha mti kinachozibeba nyuzi juu ya uso. Katika mandolini nyingi halikugandishwa kwa gundi, lashikwa na nyuzi tu. Basi likiwa limekaa upande, usiseme mandolini ni mbovu kabla ya kulisogeza. Ila vyuma vya shingoni vikiwa vimewekwa vibaya, hapo hakuna dawa ya bei ndogo. Asiye na sikio lililozoea atumie programu ya simu ya kupimia sauti. Jozi ya la ipimwe kwa mitetemo 440 kwa sekunde.

La nne, funguo za kukazia nyuzi. Kila moja izunguke polepole bila kukwama na bila kulegea. Kaza nyuzi zote, subiri robo saa, upime tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, hilo si kosa. Lakini funguo ikirudi nyuma yenyewe, mtoto atatumia saa nzima kukaza, wala hatapiga.

La tano, nyufa na viungo. Gonga uso na mgongo taratibu kwa ncha ya kidole, kila mahali. Pakilia kama kitu kilicholegea, huenda ubao wa ndani umebanduka. Tazama pia chini ya daraja: uso ukiwa umebonyea, mandolini hiyo imeelemewa.

Kuzigawa fedha

Madukani Marekani, mandolini mpya za wanafunzi huuzwa kwa kadiri ya dola 100 hadi dola 600. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo huwachanganya watu. Za chini kabisa zaweza kufanyiwa kazi zikapigika, lakini ni lazima kazi hiyo ifanywe. Nyingi hutoka kiwandani daraja likiwa juu mno, na mifuo ya kile kijiti cha kichwani zipitamo nyuzi ikiwa haikuchimbwa vya kutosha. Fundi mwenye tupa ndogo na subira aweza kuzirekebisha kwa muda wa saa chache.

Kwa hiyo usizimalize fedha zako zote dukani. Ukiwa na mafungu 10, mafungu 7 yanunue mandolini. 3 yabaki kwa ajili ya fundi, nyuzi za akiba na mfuko wa kuibebea. Mandolini ya bei ya kati iliyorekebishwa vizuri hupigika kuliko ya bei kubwa iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Rahisi inavunja upishi, walisema wazee. Lakini ghali isiyotengenezwa nayo haipikiki.

Siku hizi watu wengi hununua kwa intaneti, wakiona picha tu. Picha haina sauti. Mwombe muuzaji picha ya shingo kutoka ubavuni, picha ya ukingo wa tundu la sauti, na kipimo cha nyuzi kwenye chuma cha 12. Mwulize pia kama chombo chaweza kurudishwa, na ni nani atakayelipa gharama ya kukirudisha. Akikataa kujibu, tafuta mwingine.

Kitindamimba wa Kentucky

Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yatuonyesha jambo hili. Bill Monroe alizaliwa mwaka 1911 huko Rosine, katika jimbo la Kentucky, Marekani, naye alikuwa kitindamimba wa watoto 8. Kaka yake Birch alikuwa na fidla, Charlie alikuwa na gitaa. Kwa mdogo ilibaki mandolini. Yasimuliwa kwamba ndugu zake walimtaka aondoe nyuzi 4 katika zile 8, asije akapiga kelele mno. Hakuchagua chombo, wala hakupewa kilicho bora. Alijifunza kwa kile kilichokuwapo.

Katika miaka ya 1940, alipokuwa amekwisha kujulikana, aliona katika dirisha la kinyozi huko Florida mandolini iliyokwisha kutumika, aina ya Gibson F-5, yenye sahihi ya Lloyd Loar ya mwaka 1923. Aliinunua kwa dola 150, akaipiga karibu maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1996. Mwaka 1985 mtu asiyejulikana aliingia nyumbani mwake akaivunja vipande vipande. Mafundi wa Gibson waliiunganisha tena, nayo ikalia.

Msomaji aweza kusema: “Lakini hiyo ilikuwa F, yenye pembe!” Ni kweli. Walakini wapigaji waziheshimu mandolini za Loar kwa ajili ya uso uliochongwa kwa makini na matundu mawili kama ya fidla. Tena Monroe aliipata baada ya miaka mingi ya kupiga, mikono yake ikijua inachotafuta. Mwanafunzi hajafika huko, wala hana haja ya kufika siku ya kwanza.

Baada ya kununua

Mkiisha kuileta nyumbani, msiiweke juani, wala karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto hulainisha gundi. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho huleta kutu. Mnapobadili nyuzi, ondoeni mmoja mmoja, ili daraja lisianguke. Nunueni nyuzi laini zenye kitanzi mwishoni, ikiwa mkia wa mandolini yenu una vikulabu vya kuvishikia vitanzi hivyo.

Nanyi wazazi, msimwachie mtoto peke yake siku ya kwenda kununua. Nendeni naye, mchukue rula ndogo yenye milimita, tena ikiwezekana mwende na mtu apigaye gitaa au fidla. Mpeni mtoto aishike mandolini, abonyeze kila jozi mwenyewe, na mmwulize kama vidole vyauma. Jibu lake liwe na uzito kuliko rangi ya chombo.