Moyo Unapocheza: Mrejesho wa Mwili katika Michezo ya Video na Suala la Istilahi

Michezo ya video kwa kawaida huongozwa kwa vidole. Hata hivyo, ipo inayopokea pia habari kutoka mwilini mwa mchezaji bila yeye kubonyeza chochote. Makala hii inafafanua utaratibu huo na kuonyesha kwa nini istilahi zake zinahitaji uangalifu.

Mfano mmoja ni Tetris 64, uliouzwa Japani mwaka 1998 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Kifaa kilibanwa kwenye ndewe ya sikio kupima mapigo ya moyo, na kasi ya vipande vinavyoanguka ikabadilika kulingana na mapigo hayo. Mwaka 2015 ulitolewa Nevermind, mchezo wa kutisha: mchezaji akifadhaika, mchezo huwa mgumu zaidi, akitulia, hurahisika. Huo ndio mrejesho: mwili huuathiri mchezo, nao mchezo huuathiri mwili, hata mchezaji akajizoeza kujituliza.

Kwa mkazi wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, kielelezo ki karibu. Katika shax, mchezo wa jadi wa Wasomali, wachezaji wawili hushindana kwa kete 12 kila mmoja juu ya mistari inayoweza kuchorwa mchangani. Mchezaji stadi anaweza kuusoma uso wa mpinzani sawa na anavyozisoma kete. Lakini yeye anajua kilichomfadhaisha mwenzake, kifaa hakijui. Moyo hudunda kwa hofu, kwa furaha, na hata kwa kupanda kilima. Kifaa huhesabu tu. Programu ndiyo inayokisia sababu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kifaa hicho huitwa 'kihisi', neno linalokaribiana mno na 'hisia'. Aidha, 'moyo' katika Kiswahili ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia. Mwanafunzi wa Banissa, anayezungumza Kisomali nyumbani na kujifunza Kiswahili shuleni, akisoma kwamba 'kihisi hupima moyo', anaweza kuamini kwamba mashine inaijua siri ya nafsi yake. Imani hiyo ni hatari pale vifaa vya namna hiyo vinapotumiwa kumhukumu mtu.

Kwa hiyo inafaa kukitaja kinachopimwa: 'kipima mapigo', 'kipima jasho'. 'Mrejesho wa mwili' ubaki kuwa jina la mzunguko mzima. Istilahi njema haikipi kifaa ujuzi kisichokuwa nao.